Majlisini Kila Mtu Tajiri

Barua iliyomfikia Thuraya kutoka chuo kimoja cha Marekani ilikuwa na habari mbili. Ya kwanza, amekubaliwa. Ya pili, chuo kimeitazama hali ya familia yake na kuridhika kwamba inaweza kulipa gharama zote yenyewe, kwa hivyo hatopewa msaada. Gharama za mwaka mmoja pale zilizidi mshahara wa baba yake wa miaka mitatu. Baba yake, Bwana Nassor, ni fundi wa pampu za maji hapa Ibra, Oman.

Kazi yangu tangu ujana imekuwa kuwashauri wanafunzi wanaotaka kusoma nje, kwanza Nizwa, kisha Ibra. Nimeona barua za kila namna. Ya kumwita fundi pampu tajiri sikuwa nimeiona, na ilinikuta nimeshaanza kutia vitabu vyangu kwenye maboksi. Nyinyi mnaokaa kwenye kiti changu sasa mmeniuliza zaidi ya mara moja ilikuwaje. Nitaeleza, lakini haitafahamika bila ya yale yaliyonifundisha kuisoma barua ile, kwa hivyo naanza mbali kidogo.

Siku yangu ya kwanza Nizwa nilipokelewa na Bi Asya, mkuu wa ofisi, mwanamke wa mjini Unguja aliyekuwa mwalimu huko kabla ya kuja Oman. Alikuwa mrefu, na alitembea kama mtu anayechelewa kusali.

"Shikamoo, Bi Asya."

"Marahaba. Unajua kupiga chapa?"

"Najua."

"Unajua kunyamaza?"

Sikujua nijibu vipi, nikanyamaza.

"Vizuri," alisema. "Kupiga chapa nitakufundisha upya. Hilo jengine unalo."

Wiki hiyo hiyo alinichukua twende nyumbani kwa mwanafunzi mmoja, pembeni ya mji. Baba mtu alitukaribisha majlisini, chumba cha kupokelea wageni, pamoja na nduguze wawili na jirani. Ikaja kahawa, ikaja halwa. Bi Asya akauliza kwa upole kama familia imefikiria gharama. Baba akacheka. "Mwanangu huyu? Nitalipa kila kitu. Alhamdulillahi, hatuna shida." Jirani akaitikia kwa kichwa, ndugu wakaitikia kwa kichwa, na mimi nikaandika kwenye karatasi yangu kwamba familia hii ina uwezo. Bi Asya hakuandika. Alinyanyua vidole vyake vyenye mafuta ya halwa akaomba kuosha mikono, akapotea ndani ya nyumba kwa muda ambao mikono yoyote ingekuwa imekauka mara tatu.

Garini aliniuliza, "Umeandika nini?"

Nikamsomea.

"Futa. Mama mtu anauza dhahabu yake ya harusi, na hiyo ni kwa tikiti tu. Sikiliza, mwanangu. Majlisini kila mtu tajiri. Ukitaka hisabu ya kweli, omba kuosha mikono."

Hilo ndilo somo la kwanza nililopata, na mpaka naondoka kazini sikupata jengine lililolishinda. Watu wetu si waongo. Mtu akiulizwa mbele ya wageni kama anaweza kumsomesha mwanawe, jawabu ni moja tu, na si jawabu la hisabu. Ni stara. Mmarekani ameweka swali hilo hilo katika fomu, na anategemea mtu aliye peke yake na fomu atasema alichonacho. Hajui kwamba kwetu mtu hawi peke yake hata akiwa na fomu.

Somo la pili la Bi Asya lilikuwa swali. Hakuwahi kumuuliza mtu anapata mshahara kiasi gani. Aliuliza, "Nani anakula kwenye mshahara huu?" Na watu, ambao wangeficha mshahara, walianza kuhesabu kwa fahari: mama mzazi, mjane wa kaka, watoto wa dada walioko Pemba, mzee wa Tabora aliyemlea baba. Fomu za Kimarekani zina nafasi ya kutaja watoto unaowalisha ndani ya nyumba yako. Kwa wanaokula kutoka mbali, nafasi hamna. Ndipo tulipojifunza kuandika barua ya maelezo, ukurasa mmoja, bila ya kulia wala kujisifu, na kuiambatanisha. Msiache kuiandika. Inasomwa.

Vifaa vyetu siku zile vilikuwa taipureta moja, mashine ya kutoa nakala iliyohitaji kupigwa ubavuni, na faksi. Faksi ilitoa karatasi laini inayochukia joto. Kijana mmoja wa Misfat al Abriyeen alikubaliwa na chuo, tukampa faksi yake, akaiweka mbele ya kioo cha gari ya baba yake ili kijiji kizima kiione wakipanda nayo mlimani. Walipofika juu karatasi ilikuwa nyeusi tii. Baba akatupigia simu kuuliza kama chuo kimebadilisha mawazo.

Kijana huyo huyo ndiye aliyenifundisha kwamba mali ya kwetu haitafsiriki kwa urahisi. Fomu ilitaka familia itaje kila ilichonacho. Baba alikuwa na mitende, na hisa ya maji ya falaji, yaani zamu yake ya kufungulia mfereji uingie shambani mwake. Tukaandika hivyo, kwa uaminifu. Chuo kikauliza kama ni bwawa la kuogelea. Tukaeleza. Wakauliza thamani yake kwa dola. Mzee akafikiri sana, akasema, "Waambie ni ya babu yangu. Akija mtu kununua nitamjua ni adui." Bi Asya aliitafsiri sentensi hiyo neno kwa neno akaituma. Hawakuuliza tena, na kijana alikwenda.

Taratibu nikaielewa biashara yenyewe, na naiweka hapa kwa ufupi kwa sababu kila mwaka nakuta watu wazima wenye shahada hawaijui. Bei inayotangazwa na chuo cha Marekani si lazima iwe bei utakayolipa. Serikali yao haimkopeshi mwanafunzi wa nje, kwa hivyo msaada, ukiwepo, unatoka katika mfuko wa chuo chenyewe. Vyuo vichache havitazami mfuko wa mgeni wakati wa kuamua kumkubali. Vilivyo vingi vinatazama, na kuomba msaada kunaweza kukupunguzia nafasi ya kukubaliwa. Kuna bima ya afya ambayo hakuna anayeikumbuka, kuna koti la baridi, na kuna likizo ambayo mabweni hufungwa na mtoto anahitaji pa kulala. Kazi anayoruhusiwa kufanya humo chuoni itamnunulia sabuni na vitabu. Haitamlipia ada, hata binamu yenu aliyewahi kuishi Texas aseme vipi.

Wengi wa vijana wetu wanaokwenda nje hulipiwa na serikali au kampuni, na kwao kazi yetu ni kuangalia wasikose tarehe. Kazi hasa ni wale waliokosa nafasi hizo kwa alama chache, au wanaotaka somo lisilolipiwa.

Kisa kimoja cha miaka ya kati nakitaja kwa sababu kilinifaa baadaye. Chuo kimoja kilimpa msichana wa Nizwa msaada mkubwa mno, mpaka tukashtuka. Tukapitia hisabu tukaona afisa wao ameigeuza rial yetu kwa kugawa badala ya kuzidisha. Alidhani rial zote duniani ni nyepesi, na yetu ni nzito kuliko dola. Kwa hisabu yake familia ile ilikuwa inaishi kwa thamani ya kikombe cha chai. Baba wa msichana aliniuliza: "Tuwaambie?" Tukawaambia. Msaada ulipungua, lakini haukuondoka, na msichana alimaliza.

Bi Asya alipostaafu nilihamishiwa Ibra. Alinisindikiza katika gari yangu mpaka Bidbid, pale njia ya kuja huku inapoachana na ya Nizwa, tukanywa karaki, chai ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi, mwanawe akaja kumchukua kumpeleka Maskati. Hakunipa wasia wowote. Alisema chai imezidi sukari.

Ibra nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Wanafunzi wa huku si wepesi wa kuingia ofisini. Siku ya Jumatano mama zao wakija soko la wanawake, ndipo wengine hupitia kwangu na mifuko yao ya viungo, wanauliza jambo jengine kabisa, kisha wakiwa mlangoni wanasema, "Na lile la Marekani, Mwalimu?" Nilijifunza kutopanga mkutano wowote asubuhi ya Jumatano.

Thuraya aliingia peke yake, na hakusubiri kufika mlangoni.

"Ustadha, mimi nataka Amerika. Pesa sina. Nianze wapi?"

Kiswahili chake ni cha jikoni: anakisikia chote, anakisema vipande vipande, na akikwama anarukia Kiarabu bila ya kutazama nyuma. Alitaka kusoma isimu, na isimu haikuwemo katika masomo yaliyolipiwa mwaka ule. Nilimuuliza kwa nini isimu.

"Bibi yangu akizungumza, mimi nafahamu nusu. Nataka kujua ile nusu ingine imekwenda wapi."

Alama zake zilikuwa za juu kabisa. Tulichagua vyuo kwa mpango: vile tu vyenye mfuko wa kuwasaidia wageni. Nilikwenda nyumbani kwao. Majlisini Bwana Nassor aliniambia hawana shida, alhamdulillahi. Nikaomba kuosha mikono. Jikoni mama yake, Bi Zuleikha, mzaliwa wa Wete, alinihesabia wanaokula kwenye mshahara wa mumewe huku akikata vitunguu: bibi mzaa baba, watoto wanne, dada yake mjane Pemba, na mpwa anayelipiwa skuli Chake Chake. "Na paka," alisema. Tuliandika barua ya maelezo, tukamwacha paka. Karatasi za benki familia huzituma wenyewe kwa mtandao, sisi hatuzioni isipokuwa watuonyeshe. Kikatumwa kila kitu, tukasubiri.

Barua ilipokuja Thuraya aliileta kwenye simu yake. Aliisoma kwa sauti mpaka "tunafurahi", akanipa simu nimalizie. Nilipoinua uso alikuwa anatazama dirishani.

"Tajiri," alisema. "Baba yangu. Ustadha, gari yake haina ebo kishin."

"Ebo nini?"

"Ya baridi! Kiyoyozi!"

Tarehe ya mwisho ya kujibu ilikuwa karibu. Bila ya msaada nafasi ingekwenda kwa mwengine, na mwaka ungekwisha. Nilikwenda kwao jioni ile ile, na safari hii sikungoja halwa. Nikamwomba Bwana Nassor anionyeshe karatasi ya benki aliyoituma.

Aliniletea. Nimezisoma nyingi. Mshahara ulikuwa unaingia na kutoka kama wa mtu yeyote, mwezi baada ya mwezi. Kisha, siku chache kabla ya taarifa kutumwa, ziliingia fedha kutoka kwa watu watano, moja baada ya nyengine, mpaka akaunti ikawa na kiasi ambacho mimi sijawahi kuwa nacho.

"Hizi ni za nani, Bwana Nassor?"

"Za ndugu."

"Ziko wapi sasa?"

"Wamerejeshewa. Kila mtu chake."

"Lakini zililetwa za nini?"

Aliniangalia kama aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Mwalimu, chuo kinataka kuniangalia. Watu wanataka kuja kumwona mwanangu na nyumba anayotoka. Mie nitawaonyesha akaunti tupu? Ungeposwa wewe, babako angewapokea watu kwenye mkeka uliotoboka?"

Ndipo nilipofahamu. Kwetu, siku ya kuja posa, nyumba hupambwa. Mazulia yanaazimwa kwa ami, mabuli yanaazimwa kwa jirani, msichana anavaa dhahabu ya khalati yake, dada wa mamake, na kesho kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Hakuna anayedanganywa, kwa sababu wageni nao walifanya hivyo hivyo mwaka uliopita. Bwana Nassor aliipamba akaunti yake. Ndugu wote walishirikiana, na walifanya kwa mapenzi. Tatizo ni kwamba aliyekuja kuangalia nyumba hii hakuwa mwenzetu, na aliyahesabu mazulia.

Bi Zuleikha alikuwa kizingitini. "Nilimwambia," alisema.

"Hukuniambia!"

"Nilikwambia kwa uso."

Sasa tulikuwa na njia mbili, na zote mbaya. Tukinyamaza, Thuraya anabaki na nafasi asiyoweza kuilipia. Tukisema, chuo kinaweza kuona kwamba familia imeleta karatasi zisizo za kweli na kumfutia nafasi yenyewe, na pengine habari hiyo ikamfuata akiomba kwengine. Niliwaeleza hivyo hivyo, bila ya kupunguza. Nilisema uamuzi si wangu.

Ijumaa baada ya sala walikutana. Thuraya aliniomba niwepo. Ami yake mkubwa, Ami Seif, alikuja kutoka Sur. Ni mtu wa mzaha, ana duka la vifaa vya umeme, na ndiye aliyetuma fungu kubwa kuliko wote.

"Bibi mwalimu," alisema kabla ya kukaa, "yaani mie nimemharibia mtoto kwa kumpa pesa nyingi mno? Mke wangu ana miaka ananilaumu kwa kinyume chake."

Watu wakacheka. Kisha akawa mkali. "Hapana, tusiseme. Tukisema, tumemtangaza Nassor muongo mbele ya Wazungu. Aibu."

"Na tusiposema?" Bi Zuleikha aliuliza.

"Atasoma Maskati. Maskati kuna nini? Mimi nimesoma Sur, nimekufa?"

"Wewe hukusoma, Seif," alisema bibi yake Thuraya kutoka kwenye godoro lake. "Ulikuwa unakwenda skuli, hukuwa unasoma."

Nikawahadithia kile kisa cha rial: kwamba tuliwasahihisha watu wa chuo, na msaada ulipungua lakini haukuondoka. Sikuwaahidi kitu. Kosa lile lilikuwa lao, hili letu.

Thuraya alikuwa amekaa karibu na bibi yake. Akasema kwa Kiarabu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili bibi asikie: "Nafasi bila pesa ni picha ya ukutani. Mimi sitaki picha. Wakinifutia, khalas, wamefuta. Lakini baba asikae akifikiri yeye ndiye aliyeninyima."

Bwana Nassor alitazama mikono yake. Ni mikono ya fundi, yenye makovu ya spana. "Andikeni," alisema. "Waandikie mie ndiye niliyefanya. Usitie jina la mtu mwengine."

"Tia langu," alisema Ami Seif. "Fungu langu lilikuwa kubwa. Kama ni aibu nataka fungu langu."

Barua aliiandika Thuraya mwenyewe, Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Mimi nilifanya kazi moja tu: kila alipoandika neno la kuomba radhi mara ya pili, nililikata. Alieleza posa, alieleza mazulia ya kuazima, na akaeleza kwamba akaunti ile ilikuwa nyumba iliyopambwa kwa ajili ya mgeni. Akaambatanisha taarifa za benki za mwaka mzima, za kabla na za baada. Tukatuma.

Walijibu wakitaka kuzungumza kwa video. Tulikaa ofisini kwangu, Bwana Nassor katika dishdasha, ile kanzu ya Oman, iliyopigwa pasi mpaka inakata, na kofia yake ya kufuma. Afisa wa misaada alikuwa mwanamke wa makamo, nyuma yake kuna kabati la mafaili kama la kwangu. Aliuliza maswali ya kawaida. Kisha akauliza wazo la kuijaza akaunti lilikuwa la nani. Thuraya akatafsiri, ingawa baba yake alikuwa ameshalielewa.

"Mie," alisema Bwana Nassor kwa Kiswahili, akajigonga kifua.

Swali la mwanamke yule lililofuata sikulitegemea. Aliuliza: hawa ndugu waliotuma fedha za kuonyesha, wako tayari kutoa kiasi gani cha kweli?

Nimeshiriki mazungumzo mengi ya aina hii, na hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia kutoka upande ule. Lilikuwa "nani anakula kwenye mshahara huu" lililogeuzwa: nani yuko tayari kupika. Bwana Nassor aliomba apewe siku mbili. Akawapigia simu mmoja mmoja. Ami Seif alisema atatoa tikiti na bima. Shangazi wa Bidbid, mwenye duka la abaya, alisema koti la baridi na matumizi ya kila mwezi. Mmoja, simtaji, alisema kuonyesha anaweza, kutoa hawezi, na Bwana Nassor alimshukuru kwa kusema. Kila aliyeahidi akaandika barua yake na kutia saini. Mafungu yalikuwa madogo sana kuliko yale ya kupamba. Yalikuwa ya kweli.

Jawabu lilikuja kabla ya tarehe ya mwisho. Chuo kimekubali maelezo, kimemtahadharisha mwanafunzi kwamba karatasi zijazo zisiwe na mapambo, na kimempa msaada unaobeba sehemu kubwa ya gharama za mwaka wa kwanza. Kilichobaki kiliweza kubebwa na baba na wale ndugu. Tukapata ile hati ya chuo wanayoiita I-20, ambayo bila yake hakuna viza, na viza ikapatikana. Thuraya aliondoka mwisho wa kiangazi, nami nikastaafu muda mfupi baadaye. Ananitumia ujumbe wa sauti. Hivi karibuni alinieleza kwamba mwalimu wake amemruhusu kumrekodi bibi yake kwa simu, na kwamba ile nusu ingine anaanza kuiona ilikokwenda. Baridi ameielezea kwa maneno ambayo bibi yake amemkataza kuyarudia.

Msaada ule, hata hivyo, hutazamwa upya kila mwaka, na kila mwaka familia hutuma karatasi mpya. Hilo wakumbusheni wazazi mapema, kwa sababu wengi hudhani wakishavuka mto wameshavuka.

Karatasi za mwaka wa pili zilipokaribia, Bwana Nassor alikuja kwangu nyumbani. Umri wake wa kazi umekwisha, kampuni imempa kiinua mgongo chake chote mara moja, na kimeingia kwenye akaunti ile ile, mwezi ule ule wa kuombwa taarifa ya benki. Mshahara umesimama. Alicheka kabla ya kusema, na nilijua kwamba hakulala vizuri.

"Mwalimu, mwaka jana fedha hazikuwa zangu, wakasema zangu. Mwaka huu ni zangu kweli. Utawaambia nini?"

"Seif anasemaje?"

"Anasema niziweke kwake mpaka wamalize kuangalia. Anafanya mzaha. Nusu mzaha."

"Na wewe?"

"Mie sipambi tena."

Tuliandika barua pamoja, ukurasa mmoja: kwamba fedha hizi zinaingia mara moja tu, kwamba badala ya mshahara ndizo zitakazolisha nyumba ile miaka yote iliyobaki, na orodha ya wanaokula. Bi Zuleikha aliongeza jina la mpwa wa pili. Tulituma akaunti kama ilivyo, na kiinua mgongo kikionekana chote.

Thuraya ameshachagua masomo ya mwaka wa pili, na ameomba chumba kile kile. Ofisi ya misaada imejibu kwamba karatasi zote zimefika, na kwamba uamuzi utatolewa. Bado haujatolewa.